Ruta ya Dukani na Ruta ya Kujiundia

Katika nyumba nyingi za leo, ziwe za Upanga, za Kizingo au za Maskati, kipo kisanduku kidogo chenye taa za kumetameta, kilichowekwa nyuma ya televisheni au juu ya kabati la vyombo, ambacho hapana mtu akikumbukaye wala akipangusaye vumbi ila siku ile intaneti inapokatika na watoto wakaanza kelele. Kisanduku hicho, ambacho mafundi na wauzaji hukiita ruta, aghalabu kimeletwa na kampuni ya mtandao pamoja na waya wake, kikatundikwa na kijana aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumba ya pili, na mwenye nyumba hakuulizwa lolote juu yake. Lakini wako watu, Nairobi na Dar es Salaam kama walivyo katika miji ya Ulaya na Marekani, ambao hukikataa wakanunua bodi tupu, au wakafufua kompyuta kuukuu iliyokwisha kutupwa, au wakaifuta programu ya kiwandani na kutia nyingine waipendayo, nao hudai kwamba chombo alichojiundia mtu ni bora kuliko kile alichouziwa. Ubishi huo una umri wa miaka thelathini hivi, na huzungumzwa kana kwamba ni ubishi baina ya kazi ya kiwanda na kazi ya mkono. Tarikhi yake, ikisomwa kwa utulivu, haielekei huko. Maana ruta ya dukani ilizaliwa na ruta ya kujiundia, si mara moja wala mbili, na lililogombewa ni nani mwenye haki ya kukifungua chombo, na nani atakayebeba taabu ya kukitunza.

Tuanze na kampuni ambayo kwa miaka mingi jina lake lilikuwa kama ndilo jina la biashara yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko California, kompyuta za idara moja ziliweza kusemezana zenyewe kwa zenyewe, ilhali idara na idara hazikusikilizana, maana kila moja ilifuata kaida zake za mawasiliano. Bill Yeager, mtumishi wa chuo hicho, aliandika programu iliyoweza kupokea ujumbe wa kaida mbalimbali na kuupeleka kunakostahili. Ikapakiwa katika bodi iliyobuniwa na mwanafunzi aitwaye Andy Bechtolsheim, na sanduku lililopatikana, ambalo wenyewe waliliita Sanduku la Buluu, likaenea chuoni. Halikununuliwa popote, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kulinunua. Leonard Bosack na Sandy Lerner, mume na mke waliokuwa watumishi wa Stanford, waliunda kampuni ya Cisco Desemba 1984, wakaziunganisha ruta zao za kwanza nyumbani kwao, na programu waliyoitumia ilitokana na ile ya Yeager. Jambo hilo lilizua mgogoro na chuo hata mwaka 1987, ambapo Stanford iliipa kampuni hiyo leseni. Hivyo waliokuja kuwauzia walimwengu ruta zilizo tayari walianzia sebuleni, kwa kazi ambayo sehemu yake ilikuwa ya mikono ya wengine, na msomaji asilisahau jambo hilo, maana litamrudia kwa sura nyingine.

Ruta hizo zilikuwa za vyuo, serikali na mabenki. Nyumbani palikuwa na kompyuta moja, modemu moja na laini moja ya simu, na haja ya ruta haikuwapo mpaka kompyuta ya pili ilipoingia, kwa sababu kampuni ya intaneti ilimpa mteja anwani moja tu, na anwani zenyewe, ambazo kwa kaida ya zamani hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, zilikwisha kuonekana kwamba hazitatosha. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha waraka ulioeleza hila ya kubadilisha anwani mlangoni, na hila hiyo ilipoendelezwa, nyumba nzima iliweza kujistiri nyuma ya anwani moja: mashine ya mlangoni hupokea kila ombi litokalo ndani, huandika katika daftari lake ni nani aliyelileta, hulituma nje kwa jina lake yenyewe, na jibu lirudipo hulifungua daftari na kumkabidhi mwenye haki yake. Kazi hiyo haikudai chombo kipya. Kompyuta yoyote yenye milango miwili ya mtandao iliiweza.

Ndipo kompyuta kuukuu zilipopata maisha ya pili. Linux, ambayo Linus Torvalds alikuwa ameianza mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, ilikuwa ya bure na ilikubali kukaa katika mashine ya 386 au 486 ambayo programu mpya za wakati huo zilikwisha kuikinai. Mwenye nyumba alitia kadi mbili za mtandao, moja ikatazama nje na moja ndani, akang'oa kioo na kibodi, akalisukuma sanduku chini ya meza. Kulikuwa na mradi ulioitwa Linux Router Project, wa mwishoni mwa miaka ya 1990, ulioibana ruta nzima katika disketi moja ya megabaiti 1.44: mashine ilipowashwa iliisoma disketi, ikayahamishia yote katika kumbukumbu, na tangu hapo haikuihitaji tena. Aliyekisogeza kile kijipande cha plastiki cha pembeni mwa disketi, ili isiandikike, alikuwa na ruta ambayo hata ikivamiwa na mwizi wa mtandaoni, kuizima na kuiwasha kuliirudisha ilivyokuwa siku ya kwanza; na sidhani kwamba visanduku vingi vya leo vyenye bei mara kadhaa ya disketi ile vinaweza kujisifu hivyo. Ubaya wake ulijulikana na kila mtu wa nyumbani, hasa waliolala karibu nayo: feni ilinguruma usiku kucha, joto lilitoka, na umeme ulikwenda.

Kwetu Afrika Mashariki, kujiundia kulianzia zaidi katika mikahawa ya intaneti kuliko majumbani, na hakukuwa burudani asilani. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, intaneti yetu ilipanda angani kwa satelaiti na kushuka kwa bei ya angani, na mwenye mkahawa aliyekuwa na kompyuta kumi juu ya njia moja nyembamba alilazimika kuigawa kwa uchoyo. Wengine waliitumia Windows 98 katika toleo lake la pili la mwaka 1999, ambalo lilikuja na uwezo wa kugawa muunganisho mmoja kwa kompyuta kadhaa. Wajuzi zaidi waliweka mashine ya Linux yenye programu ya Squid, ambayo ilihifadhi nakala ya kila ukurasa uliokwisha kufunguliwa, ili mteja wa pili atakayeutaka ukurasa ule ule apewe nakala ya hapo hapo bila ya kuutoza mkahawa safari nyingine ya kwenda angani.

Na ilikuwapo kazi ya waya, ambayo ndiyo shule ya kwanza ya fundi hata leo. Boksi moja hutoka na mita 305. Ndani ya ganda mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na mwanagenzi hufundishwa kuzinyoosha kwa kidole gumba, kuzipanga, kuzikata sawasawa na kuzisukuma katika plagi kabla ya kuibana kwa koleo: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Mpangilio huo humkera mtu mwenye akili ya utaratibu, kwa sababu jozi ya kijani imetenganishwa na ya buluu ikapachikwa katikati yake, na wako wanaoona afadhali kuziweka jozi zote nne kwa kufuatana, rangi na mwenzake. Aliyefanya hivyo pande zote mbili hupimiwa na kipimio chepesi akaambiwa kwamba waya ni mzima. Na ukiwa mfupi sana huenda ukapitisha. Lakini mlango wa tatu na wa sita katika plagi hubeba ishara moja, na ishara hiyo ikipitishwa katika nyuzi mbili ambazo hazikusokotwa pamoja, msokoto ambao kazi yake ni kufuta makelele unakuwa hauna faida, na waya unaopita darini hadi chumba cha nyuma hutoa intaneti ya kusuasua ambayo lawama yake huenda kwa ruta. Hii ndiyo sababu hata wale wasiokubali kununua ruta iliyo tayari hununua waya mfupi uliobanwa kiwandani, wakaiachia mikono yao ile mirefu ya ukutani, ambayo haiwezi kununuliwa ikiwa na urefu wa nyumba yako.

Wafanyabiashara hawakukawia kuiona haja iliyokuwa chini ya meza. Linksys, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1988 huko California na Janie na Victor Tsao, mke na mume waliotoka Taiwan, ilianza kuuza visanduku vilivyofanya kazi ile ile ya kompyuta kuukuu bila ya ngurumo, na Desemba 2002 ikatoa kimoja cha buluu na nyeusi, chenye antena mbili, kilichoitwa WRT54G. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Broadcom ya megahezi 125, kumbukumbu ya megabaiti 16 na hifadhi ya megabaiti 4, pamoja na redio ya Wi-Fi. Machi 2003 Cisco ilitangaza kwamba inainunua Linksys kwa takriban dola milioni 500. Haukupita muda, Juni mwaka ule ule, mtengenezaji mmoja wa programu akaandika hadharani kwamba amekichunguza kisanduku hicho na kukuta kwamba kinaendeshwa na Linux. Yaani kompyuta ya chini ya meza ilikuwa imevishwa ganda la plastiki ikarudi dukani.

Hapo palikuwa na mkataba. Linux hutolewa kwa leseni ya GPL, ambayo humruhusu kila mtu kuitumia, kuibadilisha na kuiuza, kwa sharti kwamba yule anayeisambaza awape wapokeaji wake maandishi ya programu yenyewe ili nao waweze kufanya kama alivyofanya yeye. Broadcom iliyotengeneza chipu iliiagiza kazi ya programu kwa kampuni ya Taiwan iitwayo CyberTAN, Linksys ikavinunua vyote viwili vikiwa vimekwisha kuungana, na Cisco ikainunua Linksys. Na katika mikono yote minne hiyo hapakuwa na aliyeutimizia umma sharti lile mpaka watu walipolidai. Msukumo ulipozidi, maandishi yakatolewa katika mwaka ule ule wa 2003. Kampuni iliyoanza kwa programu iliyoandikwa na mtumishi wa chuo ikajikuta kwa mara ya pili mbele ya watu wakiiuliza kilichomo ndani ya sanduku lake ni cha nani. Mambo hayakwisha hapo, kwani Desemba 2008 Free Software Foundation, shirika la kutetea programu huria, liliishtaki Cisco kwa ajili ya bidhaa za Linksys, na mapatano yakafikiwa Mei 2009.

Lililofuata ndilo lililokigeuza kisanduku cha dukani kuwa karakana ya watu. Januari 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, na mwaka uliofuata Mjerumani Sebastian Gottschall akatoa DD-WRT, na kwa programu hizo ruta ya bei nafuu ikaweza kurudisha mbali mawimbi ya Wi-Fi ya ruta nyingine, kugawa kasi baina ya watumiaji, na kupitisha mawasiliano katika njia ya siri, mambo ambayo hadi hapo yalitolewa na vyombo vya maofisini. (Toleo la mwanzo la OpenWrt lilimkaribisha aliyeingia kwa maelezo ya kuchanganya kileo ambacho toleo lenyewe lilipewa jina lake, mzaha ambao fundi wa Lamu hana budi kuuvumilia.) Kuipandikiza programu hiyo katika WRT54G za mwanzo kulihitaji moyo. Katika kurasa za mipangilio palikuwa na nafasi ya kuandika anwani ili ruta ijaribu kama anwani hiyo inaitika, na waandishi wake walisahau kukagua kinachoandikwa hapo. Basi badala ya anwani mtu aliandika amri, na ruta ikaitii. Kwa kuwa nafasi ilikuwa fupi, amri ndefu ilikatwa vipande vikaingizwa kimoja kimoja, na muradi wa vipande vyote ulikuwa kuiambia ruta kwamba kila iwashwapo isubiri sekunde chache kabla ya kuamka. Katika sekunde hizo, kompyuta ikiwa imeungwa kwa waya, programu mpya ilirushwa. Aliyechelewa alianza upya, na aliyekatikiwa na umeme katikati ya shughuli alibaki na plastiki yenye taa isiyosema kitu, ingawa walikuwapo wajasiri waliokifumua kifuniko na kugusanisha miguu miwili ya chipu ya hifadhi kwa ncha ya sindano, na maiti ikaamka.

Mwaka 2005 Linksys ikaligeuza jambo. Toleo la tano la WRT54G lilitoka na hifadhi ya megabaiti 2 na kumbukumbu ya megabaiti 8, nusu ya ile ya asili, na mahali pa Linux pakawekwa VxWorks, programu isiyotaka nafasi kubwa wala isiyomdai mtu kuonyesha maandishi yake. Kwa mnunuzi aliyetaka kuingia mtandaoni tu, hakuna kilichobadilika. Ganda lilikuwa lile lile na jina lile lile. Kwa wajiundiaji ilikuwa kufungiwa mlango, japo mwaka uliofuata walipata namna ya kusukumiza DD-WRT iliyopunguzwa katika nafasi hiyo ndogo. Na kampuni, ambayo haikuwa na inda bali hesabu, ikatoa wakati ule ule WRT54GL, yenye Linux na kumbukumbu kamili, ikiwalenga watu hao hao, na chombo hicho kikaendelea kuuzwa kwa zaidi ya miaka kumi, kikivipita kwa umri visanduku chungu nzima vilivyokuwa na kasi kukizidi.

Wale ambao hawakuitaka plastiki kabisa waliendelea na njia yao. Manuel Kasper wa Uswisi alitoa programu ya ruta iitwayo m0n0wall mwaka 2003, ikazaa pfSense iliyoanza mwaka 2004, na mwaka 2015 Waholanzi wakatoa OPNsense. Zote ziliweza kukaa katika kompyuta ndogo zisizo na feni, na makelele ya usiku yakawa hadithi. Huko Riga, mji mkuu wa Latvia, MikroTik ilianzishwa mwaka 1996 kwa kuuza programu ya kuigeuza kompyuta ya kawaida kuwa ruta, na mwaka 2002 ikaanza kutengeneza bodi zake yenyewe. Na hapana fundi wa Afrika Mashariki aliyetundika antena juu ya paa ili kuwagawia majirani intaneti asiyezijua bodi hizo. Kampuni hii siijui niihesabu upande gani, maana huuza chombo kilicho tayari ambacho hakifanyi la maana mpaka mnunuzi akae akiunde kwa maagizo yake mwenyewe.

Mpaka hapo ushindi ungeonekana kuwa wa wajiundiaji, laiti si sura iliyofuata. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikibisha hodi katika kamera na ruta za majumbani, ikijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, takriban 60 tu, ambayo wenye vyombo hawakuwahi kuyabadilisha. Na kwa jeshi lililopatikana hivyo, tarehe 21 Oktoba, kampuni ya Dyn iliyohudumia anwani za tovuti kubwa za Marekani ililemewa hata tovuti hizo zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mei 2018 iligunduliwa programu hasidi nyingine, VPNFilter, iliyokwisha kuingia katika vyombo visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Visanduku vya dukani vililaumiwa, na kwa haki. Lakini mwaka huo huo wa 2018 kasoro ya ruta za MikroTik, iliyozibwa na kampuni tangu Aprili, iliendelea kutumiwa na wezi miezi mingi baadaye kuchimbia sarafu za kidijitali katika kompyuta za watu, kwa kuwa mafundi waliozipanga ruta hizo kwa mikono yao na kujivunia mipango yao hawakurudi kupakua dawa iliyokuwa tayari, tena ya bure. Naona hapa ndipo swali la mwenye nyumba linapokaa: si kama anaweza kuiunda ruta, kwa sababu kwa mchana mmoja na subira kidogo anaweza, bali ni nani atakayeifungua mwezi wa kumi na nane baada ya hapo ili aitie programu mpya. Nyumba isiyo na mtu huyo yafaa inunue chombo kinachojisasisha chenyewe, iwe ni kimoja au vile vya kusaidiana chumba kwa chumba ambavyo kampuni ya eero ilianza kuviuza mwaka 2016, na ivumilie kwamba mtengenezaji ndiye mwenye ufunguo na ndiye atakayeamua lini kitaachwa kutunzwa.

Ufunguo huo ulikaribia kuwa wa sheria. Mwaka 2015 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipotaka redio za ruta zisiweze kuongezwa nguvu kupita kipimo, baadhi ya watengenezaji waliona njia nyepesi ni kukifunga chombo kizima. TP-Link ilifanya hivyo. Lakini Agosti 2016, katika mapatano na tume ile ile ambayo yaliitoza dola 200,000 kwa ruta zake zilizoweza kuvuka kipimo cha nguvu, ilikubali pia kuwapa nafasi watu wa programu huria.

Mwishoni mwa mwaka 2024 mradi wa OpenWrt, ambao miaka ishirini kabla ulizaliwa katika kisanduku cha mtu mwingine, ulitoa kisanduku chake wenyewe, OpenWrt One, kwa msaada wa shirika la Software Freedom Conservancy, kikitengenezwa na watu wa Banana Pi. Kina hifadhi mbili zilizotengana, ili aliyeiharibu moja aamkie ya pili bila ya kutafuta sindano. Kilipotoka, kikiwa kizima na ganda lake, kiliuzwa dola 89. Na kwa asiyelitaka ganda, bodi peke yake iliuzwa kwa pungufu ya dola 70, na sehemu ya fedha za kila kimoja iliingia katika mfuko wa mradi.